Abiria wa Ngojani

Paukwa!
Pakawa!
Mto una nini?
Una njia!
Njia ina nini?
Ina wenyewe!

Haya, tegeni masikio. Hapo kale, watu walipokuwa wakiamkiana mtumbwi kwa mtumbwi, palikuwa na kijiji kiitwacho Vumbwe, ukingoni mwa mto mkubwa ushukao baharini. Mto huo mimi naujua hadi mahali unapokohoa. Anayebisha akamuulize mamba, kama atarudi na jibu.

Kijijini hapo aliishi Hadulu, mjane mwenye watoto wadogo, shangazi mmoja, na ulimi usiolala. Shamba lake lilikuwa ukanda mwembamba tu ulioanzia majini na kupanda ukingoni. Mwaka huo mafuriko yakaja, yakaumwagia ukanda ule udongo mweusi, udongo mtamu hata ungetamani kuula kwa samli. Na udongo wa mtu ukinona, jirani huota macho mgongoni.

Jirani mwenyewe alikuwa Maro, bwana ambaye tumbo lake lilifika barazani kwanza, yeye akafuata. Akasimama mbele ya wazee.

"Huyu binti na ukoo wake hawakuja kwa mitumbwi kama sisi. Waliletwa na maji, kama magugu. Ukingo ule ni wangu!"

Sasa sikilizeni desturi ya watu wa mto. Anayedai ukingo huambiwa aitaje njia ya maji: bandari zote walizofikia mababu zake, tangu mlango wa bahari mpaka shambani kwake, na walichouza kila mahali. Asiruke hata moja. Ukiruka, njia imekatika. Njia ikikatika, hukufika. Na kama hukufika, hapa unafanya nini?

Wazee wakamwambia Hadulu, "Mwezi ukiandama, uje uitaje."

Mbio mpaka kwa Shangazi Habona, maana ni yeye tu aliyebaki mwenye kuijua njia ya ukoo wao. Shangazi akafumba macho, akaanza: "Tulitoka Mlangoni, tukauza chumvi. Tukafika Mikokoni, tukauza nguo. Tukaingia mferejini..." Akavuta pumzi. "Tukatokea Pindo la Kiboko, tukauza asali."

"Shangazi, na hapo katikati?"

"Hapo huvutwa pumzi."

"Pumzi si bandari, Shangazi!"

"Mama yangu alivuta pumzi. Bibi yangu alivuta pumzi. Wewe u nani hata useme?"

"Mimi ni mama wa watoto wanaotaka kula. Nitakwenda mferejini nikapaone."

"Mfereji ule haupitwi asubuhi, mwanangu. Haupitwi jua la utosi. Haupitwi jioni."

"Basi hupitwa saa ngapi?"

"Haupitwi!"

Mwambie mto usishuke. Hadulu akapakia mchele, akapakia asali, akapakia chumvi, akashika kasia.

Mfereji huo mababu waliuchimba kwa majembe ya mti, wakaunganisha kijito cha baharini na mto mkubwa, ili biashara isizunguke. Siku hizo ulikuwa umesongwa na mafunjo. Hadulu akaingia. Ndege wakanyamaza. Vyura wakanyamaza. Kasia likapiga maji, na maji nayo yakanyamaza. Jua likasimama utosini, kivuli chake kikajikunja chini ya makalio kama mbwa mwoga.

Ndipo alipoiona bandari. Ngazi zilikuwa zimechongwa katika udongo, bado mbichi, kama zilizochongwa asubuhi ile. Kote kulijaa majani. Pale hapakuwa na hata unyasi.

Wa kwetu angekimbia. Wewe pale ungekimbia, usinitazame hivyo! Lakini Hadulu alijua biashara ya kimya, ile ambayo watu wa mto hufanya na watu wa msitu. Unaweka bidhaa ukingoni, unagonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia, unageuza uso. Mwenzako anakuja na kuweka chake. Ukiridhika unachukua. Usiporidhika unaacha vyote, unangoja aongeze. Hakuna kusemezana, hakuna kutazamana. Na bidhaa isiyochukuliwa hurudi kwa mwenye mtumbwi.

Akaweka mchele. Akagonga. Akageuka. Alipotazama, kando ya mchele palikuwa na ushanga. Akauacha.

Akaongeza asali. Akagonga. Akageuka. Alipotazama, palikuwa na kaniki, kavu kabisa mahali ambapo hata mawe yalitoka jasho. Akaiacha.

Akaongeza chumvi. Akagonga. Akageuka. Alipotazama, palikuwa na kibuyu cha mtama. Akakiacha nacho, akageuza uso tena.

Sauti ikamjia kisogoni, karibu kama pumzi ya mtu anayekusuka nywele.

"Hutaki ushanga. Hutaki nguo. Hutaki mtama. Wataka nini?"

Hadulu hakugeuka. "Nataka jina la bandari hii."

"Jina kwa jina. Tupe lako. Ukishalitoa, huko utokako hapana atakayekuita tena. Utakaa nasi."

"Kwani nyinyi ni nani?"

"Sisi ni bidhaa."

Hadulu akashika kasia kwa mikono miwili. Sauti ikaendelea, na nyuma yake zikasikika nyingine, kikohozi huku, kilio cha mtoto kule.

"Mwaka wa njaa, ndugu zetu walituteremsha hapa, sisi wagonjwa na wakongwe. Wakagonga ubavu wa mtumbwi. Wakageuza nyuso. Watu wa msitu wakaweka mtama. Ndugu zetu wakauchukua, wakaenda zao. Watu wa msitu waliposogea na kutuona mbavu, nao wakatuacha. Aliyetuuza hakurudi. Aliyetununua hakutuchukua."

Ndipo Hadulu alipoelewa ile pumzi. Bandari haikusahauliwa. Ilionewa haya.

Machozi yakamlengalenga. Lakini machozi hayakumzuia kufikiri.

"Wazee wangu," akasema, "sheria ya ukingo mnaijua kuliko mimi. Bidhaa isiyochukuliwa ni ya nani?"

"Ya mwenye mtumbwi," ikajibu sauti.

"Na mtumbwi huu ni wa nani?"

"Wa ukoo wenu."

"Basi jina langu siuzi, nanyi si bidhaa ya mtu. Pandeni twende nyumbani."

Bibi mmoja akacheka kicheko kikavu. "Mjanja huyu! Kweli ni wa kwetu."

Mtumbwi ukadidimia kidogo. Ukadidimia tena. Ukadidimia hata maji yakalamba ukingo wake, na ndani hamna mtu. Goti la baridi likamgusa Hadulu mgongoni.

"Samahani, mwanangu," ikasema ile sauti ya bibi. "Tumebanana."

"Si neno, Bibi. Hapa paliitwaje?"

"Ngojani. Walituambia, ngojeni, tunarudi."

Hadulu akapiga kasia. Mzigo ule haukuwa wa mchele, jamani! Mabega yakawaka moto, viganja vikachubuka, na hakutazama nyuma hata mara moja.

Mwezi ukaandama. Baraza likajaa. Hadulu akasimama katika jua la mchana, akaitaja njia: Mlangoni na chumvi, Mikokoni na nguo. "Tukaingia mferejini. Tukafika Ngojani, tukauza watu wetu kwa mtama. Tukatokea Pindo la Kiboko, tukauza asali. Tukafika Vumbwe, tukalima."

Shangazi Habona akajifunika uso kwa leso. Maro akapiga paja kwa kicheko.

"Mmesikia? Ukoo uliouza wagonjwa wake! Hao ndio wa kupewa ukingo?"

"Bwana Maro," akasema Hadulu, "nawe itaje yako."

"Yangu ni nyoofu! Tulitoka Mlangoni, tukauza pembe. Tukafika Mikokoni, tukauza shaba. Tukaingia mferejini..."

Akavuta pumzi.

Baraza zima likaisikia. Wazee wakainamisha vichwa, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa hapakuwa na ukoo usiokuwa na pumzi hiyo.

Kutoka gatini, palipofungwa mtumbwi wa Hadulu, zikaanza kupanda nyayo. Nyayo za maji, katika vumbi kavu, na juu yake hakuna miguu. Zikafika kwa Hadulu, chache zikasimama. Nyingine zikapita. Zikapita, zikapita, zikakizunguka kigoda cha Maro hata vumbi lake likawa tope.

"Nani," akauliza Maro, "nani ameniwekea mkono begani?"

Karibu naye hapakuwa na mtu.

"Mpeni ukingo wake!" akapiga kelele. "Mpeni! Ila awaite watu wake!"

"Wangu ninao, kaka," akasema Hadulu. "Hao nimekuletea tu. Ni wako."

Jioni akapika wali wa kushukuru. Akaipua sufuria, akafunua. Kabla watoto hawajanyoosha mikono, sufuria ikawa tupu.

"Shamba umelipata," akasema Shangazi Habona taratibu.

"Nimelipata."

"Na walaji umewapata."

Hadulu akautazama mkeka uliobonyea pasipo na mtu. Akarudisha sufuria motoni, akaongeza maji, akaongeza mchele.

"Jongeeni kidogo, watoto," akasema. "Hamwoni wakubwa wamekosa pa kukaa?"

Ngano yangu imetia gati hapo. Tamu ni yenu, chungu ni yangu. Na asiyeamini aiteremke njia hiyo mwenyewe; mimi kasia nitamwazima, kusindikiza sisindikizi.