Zimwi Lililosema kwa Mikono

Sogeeni, wanangu, mnitegee macho pamoja na masikio.

Hapo kale palikuwa na binti kiziwi, jina lake Mize. Alisema kwa mikono, akamwomba mama yake naye ajifunze kusema hivyo. Mama akasema, "Kesho." Akaomba tena. "Kesho." Akaomba mara ya tatu. "Kesho, mwanangu, nina kazi."

Kisimani Mize akakutana na zimwi. Likainua makucha, likamwambia kwa ishara, "Hujambo?" Hakuna aliyewahi kumsalimu hivyo. Akalifuata pangoni.

Mama akafuata nyayo, akalia, "Nipe mwanangu!"

"Sikumfunga," likajibu zimwi. "Mwambie mwenyewe arudi."

Mama akapiga kelele, akapunga mikono ovyo. Mize akamjibu kwa ishara, polepole, machozi yakimtoka. Mama hakuelewa kitu, akarudi peke yake.

Akaenda kwa viziwi wa kijiji jirani, akajifunza mwaka mzima. Ndipo akatambua mwanawe alisema nini siku ile: "Mama, nionyeshe neno moja tu, nitarudi."

Akakimbia pangoni. Akakuta pango tupu.

Ngano yangu inakomea hapo, wanangu. Mama yule anatafuta hadi leo.