Kopo la Dharura

Kontrakta Masumbuko alikuwa na magari matatu, yote yametokana na dharura za nyumba alizowajengea watu. Bi Somoe, mjane muuza vitumbua, alimpa kazi ya kumjengea vyumba viwili. Siku ya tatu tu akaja amekunja uso: msingi umegonga mwamba, hela iongezwe.

Bi Somoe akamkabidhi kopo zito lililozibwa. "Akiba ya dharura hiyo. Kitakachobaki humo nyumba ikiisha, chako. Tufungue?"

Kontrakta akalipima mkononi. "Ngoja kwanza nikautazame tena huo mwamba."

Mwamba ukatoweka. Hata bati lilipopeperushwa na upepo, alinunua jingine kwa hela yake.

Nyumba ilipoisha akafungua kopo: kokoto tupu!

"Bi Somoe! Dharura ya kweli ingetokea, ungelipa nini?"

"Si lile bati lilipeperuka kweli, baba? Na likalipwa."