Ufito Wenye Mstari Mwekundu

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Kingo zake zimefumuka, katikati umebonyea kwa kukaliwa, nao husukumwa nyuma ya mlango mgeni akibisha hodi. Lakini ndio unaoujua mgongo wako. Msala wa mpita njia ni mzuri, unang'aa, unanukia upya. Ila mwenyewe akiinuka, huukunja akaenda nao. Aliyeutupa wake kwa kuutamani ule, hulala chini. Wahenga walilisema hilo kwa maneno machache. Kuna mtaa mmoja uliolishuhudia kwa macho, na saluni moja inayolizungumza mpaka leo.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye kioo kilichopasuka pembeni, benchi la mbao, na feni iliyolalamika kuliko ilivyopuliza. Mwenye saluni alikuwa msusi wa vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Waliokuja kusuka walikuja pia kusikia nani kaposwa, nani kaachika na nani kahama bila kuaga. Siku habari zilipokuwa chache, walisikiliza watoto wawili waliosimama juu ya benchi wakiimba: Ninga, binti wa msusi, na Kibonge, binti wa fundi baiskeli wa nyumba ya pili.

Ninga alipewa jina la ndege kwa sababu ya sauti yake. Kibonge alipewa lake kwa sababu ya mwili, wala hakununa.

"Mimi nakaa nafasi ya watu wawili," alikuwa akisema. "Kwa hiyo Ninga akiugua, kundi bado limetimia!"

Wanawake wakacheka mpaka msusi akagomba, "Tulieni vichwa jamani, nitamsuka mtu sikio!"

Watoto hawa walikuwa kama sahani na kawa. Tena lilikuwepo jambo ambalo mtaa mzima ulilijua na kulicheka: Ninga, kwa uhodari wake wote, hakuweza kuanza wimbo. Akianza peke yake, aliupandia juu mno au chini mno, mithili ya mtu anayepapasa ngazi gizani. Kibonge ndiye aliyefunga midomo, akavumisha sauti moja puani, ndogo kama ya nyuki ndani ya chupa. Ninga akaidaka, na kuanzia hapo hakuna aliyemshika. Kibonge naye akaingia chini yake kwa sauti ya pili, akaibeba ile ya kwanza kama mbeleko inavyobeba mtoto.

Siku moja habari iliingia saluni kabla ya mteja aliyeileta kuketi.

"Shoga, mmesikia? Kuna watu wanachukua watoto!"

"Wezi?"

"Wezi gani wanaobandika mabango? Ni wale wa mchezo wa nyimbo, wanaozunguka mji kwa mji. Wamepanga ukumbi wa sinema ya zamani. Wanataka watoto wanaojua kuimba."

Vichwa vyote, vilivyosukwa na vilivyosukwa nusu, vikamgeukia Ninga.

Siku ya usaili msusi alifunga saluni, jambo ambalo hata msiba haukuwahi kumfanyisha. Alikuwa amemsuka mwanawe nywele za kusimama, shungi juu ya utosi kama taji. Kibonge alikuja kumsindikiza tu. "Nani anataka kuniona mimi jukwaani? Mbao zitaomba likizo," alisema. Lakini Ninga alijua kwamba mwenzake huyo alikuwa amejizoeza kila hatua, nyuma ya karakana ya baba yake, akidhani haonekani.

Mlangoni mwa ukumbi palisimamishwa ufito mrefu wenye mstari mwekundu. Kila mtoto aliegemezwa pale kwanza. Mwongozaji wa mchezo, bwana mmoja aliyevaa miwani juu ya paji la uso, aliwaeleza wazazi bila kuficha.

"Huyu tunayemtafuta ni mtoto mdogo aliyepotezana na mama yake. Akirefuka, hadithi haiaminiki. Kwa hiyo kila Jumatatu tunawapima. Kichwa kikivuka mstari, basi."

"Basi nini?" msusi akauliza.

"Tunampigia makofi, tunamrudisha kwao."

"Kumbe mnaazima!" msusi akasema, na wazazi wakacheka. Alimtazama mwanawe kidogo, kisha akanong'ona, "Mwanangu, umesikia? Hawa ni wapita njia." Ninga hakusikia. Macho yake yalikwishaingia ukumbini.

Watoto waliitwa mmoja mmoja. Mlango wa chumba cha usaili ulikuwa wa ubao mwembamba, na kama walivyokuwa wamepanga, Kibonge alisimama nje yake, akafunga midomo, akavumisha. Ninga akaidaka sauti ile. Akaimba. Mpiga kinanda aliondoa mikono kwenye kinanda chake akaiweka mapajani, akasikiliza.

Alipomaliza, mwongozaji alishusha miwani machoni. "Nani aliyevuma huko nje?"

Ninga akautazama mlango.

"Ni mwenzako? Mnaimba pamoja?"

Mtoto aliyepotea kwenye mchezo alikuwa mmoja. Mmoja ni nafasi moja. Na Kibonge akiitwa ndani, akiimba ile sauti yake ya pili, nani ajuaye watakavyoamua? Ulimi hauna mfupa.

"Simjui," akasema. "Tumekutana tu kwenye foleni."

"Bahati mbaya," mwongozaji akasema, na Ninga hakuelewa bahati mbaya ya nani.

Alipotoka, alimkuta Kibonge ameinama, akifunga upya kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Nilijua utapata," Kibonge akasema. Akaubeba mkoba wa Ninga mpaka nyumbani, kama kawaida yake. Ila siku hiyo alitembea hatua moja nyuma.

Siku ya kuondoka saluni ilijaa hadi barazani. Kila mtu alikuwa na wosia wake, na wosia mwingine ulikuwa wa kumpinga aliyetangulia kuusia. Kibonge alimsubiri Ninga pembeni, akamtilia kitu kizito mkononi: kengele ya baiskeli, imesuguliwa ikang'aa.

"Nimezijaribu zote za karakana," alisema. "Ukiigonga hapa ukingoni, inatoa sauti yetu ya kuanzia. Usije ukapotea."

Ninga akaitumbukiza mkobani. Alitaka kusema neno, lakini gari lilipiga honi.

Katika mazoezi ya kwanza, Ninga alimkuta msichana mwingine amevaa maleba ya jukwaani kama yake, amesimama mahali pake. Akadhani amenyang'anywa. Mwongozaji akacheka.

"Mtoto hawezi kuimba kila onyesho akabaki na koo. Nafasi hii ni ya wawili wanaopokezana. Siku ile kwenu nilifurahi, nikadhani nimepata wawili waliozoeana kwa mkupuo mmoja. Kumbe mlikuwa hamjuani."

Kwa hiyo nafasi ya Kibonge ilikuwepo tangu mwanzo. Yeye ndiye aliyeifungia mlango kwa neno lake. Alitaka kusema palepale kwamba alidanganya. Lakini aliyedanganya huenda akarudishwa. Nitamwambia kesho, akajisemea. Na kesho ikazaa kesho.

Kisha makofi yakaanza. Asiyewahi kupigiwa makofi na ukumbi mzima hajui yalivyo matamu. Kwenye mchezo huo, mwishoni, mama aliyempoteza mwanawe humwona katikati ya umati, humkimbilia, humkumbatia, husema, "Mwanangu, sitakuacha tena!" Mwigizaji wa mama huyo alikuwa na mikono laini na machozi ya kweli. Hata nje ya jukwaa alimwita Ninga mwanangu, akamnunulia pipi, akamsifia mbele za watu. Ninga akavikwa kilemba cha ukoka, naye akakiona ni cha hariri. Kengele ilizama chini ya mkoba. Mpiga kinanda ndiye aliyempa sauti ya kuanzia sasa.

Msusi alikuwa akipiga simu.

"Kibonge yuko hapa, amekuja kukusikia. Nimpe?"

"Mama, nina mazoezi."

"Tena? Haya, mwanangu."

Mara nyingine ikawa vilevile, na nyingine, mpaka msusi akaacha kusema kwamba Kibonge yuko hapa. Ninga alishusha pumzi, kama mtu aliyeng'olewa mwiba. Hakujua kwamba kilichong'oka ni jino.

Msimu ukapita, na mwili haukuomba ruhusa. Kila Jumatatu asubuhi utosi wa Ninga ulisogelea ule mstari. Akaanza kusukuma sahani ya chakula kando. Akalala amejikunja kama jongoo aliyeguswa. Jumatatu moja, alipoona kwamba shungi ndilo litakalomsaliti, alijifungia bafuni akalifumua. Msuko ule wa mama yake, alioutunza kwa kitambaa mji hadi mji, aliufumua wote ili apate upana wa kidole. Nywele zilizong'oka alizikusanya, akasimama nazo mkononi, asijue pa kuzitupa.

Upana wa kidole ulimfaa kidogo tu. Asubuhi moja mwongozaji aliweka kiganja chake juu ya kichwa cha Ninga, kiganja kikakaa juu ya wekundu. Watoto wakapiga makofi, ndiyo desturi yao. Mtoto wa kumrithi alikuwa tayari amesimama mlangoni, ameshika mfuko wa nguo, akitabasamu kwa woga.

Siku hiyo Ninga alitazama onyesho akiwa kando ya pazia, amevaa nguo zake mwenyewe. Mama wa jukwaani alikimbia, akamkumbatia yule mgeni. "Mwanangu, sitakuacha tena!" Machozi yalikuwa yaleyale, yakidondokea neno lilelile. Pazia liliposhuka, mwanamke yule alipita karibu yake akijifuta uso.

"Ah, bado upo, mwanangu?" akasema, akamgusa shavu, akapita.

Ninga aliposhuka kwenye basi mtaani kwao, hakwenda nyumbani kwanza; alikwenda saluni, kwa sababu ndiyo nyumbani. Feni ilikuwa ileile, kioo kilekile. Lakini aliyesimama nyuma ya kiti, vidole vikiruka ndani ya nywele za mteja, alikuwa Kibonge. Alikuwa amerefuka naye. Msusi aliketi kwenye benchi, mkono wake wa kulia umelala mapajani.

"Mwanangu!" Akamkumbatia kwa mkono mmoja. Kisha akauona utosi wake ulivyo mtupu, akaupapasa, asiulize kitu. "Usiutazame hivyo mkono wangu. Niliugua kidogo, vidole vikagoma. Huyu mwenzio ndiye aliyekuja kusuka. Isingekuwa yeye, saluni ingeshafungwa."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ulikuwa na mazoezi," msusi akajibu. Hakusema kwa kumsimanga. Afadhali angemsimanga.

Mteja aliyekuwa kitini, mgeni wa mtaa, akaangalia kwenye kioo. "Huyu mtoto mrefu ni nani wenu?"

Kibonge hakuacha kusuka. "Binti wa mwenye saluni," akasema kwa upole. "Alikuwa anaimba."

Ninga alingoja mpaka mteja akaondoka na msusi akatoka barazani kumsindikiza. Akasogea.

"Kibonge, nisamehe. Siku ile..."

"Mlango ulikuwa mwembamba, Ninga. Nilisikia." Kibonge alikuwa akiokota nywele zilizoanguka sakafuni. "Nilikusamehe siku ileile, tukiwa bado njiani. Ndiyo maana nilikupa kengele. Nikawa nakuja hapa kila mama alipopiga simu. Nilifikiri utaniambia mwenyewe."

"Zilikuwa nafasi mbili," Ninga akasema, na hapo machozi yakamshinda. "Walikuwa wanatafuta wawili. Wangekuchukua na wewe."

Mikono ya Kibonge ikasimama. Hilo hakuwa amelijua. Alilitazama fungu la nywele mkononi mwake kwa muda, kisha akalitia kwenye ndoo, taratibu, kana kwamba lingeweza kuvunjika.

Ninga aliichimbua kengele kutoka chini ya mkoba. Ilikuwa imeingia kutu pembeni. Akaigonga ukingoni, pale alipoonyeshwa. Sauti ikatoka, ileile, haikupungua. Akaidaka, akaanza wimbo wao, ubeti wa kwanza, akafika pale ambapo sauti ya pili huingia chini na kuibeba ya kwanza. Hapo akangoja.

Feni ililalamika. Nje, wanawake walicheka jambo lao. Kibonge alifungua midomo, akaifunga.

"Siwezi," akasema. "Sijakasirika, wallahi. Nimejaribu hata peke yangu, haitoki tena." Akakung'uta kitambaa cha mabegani, akakitandika juu ya kiti. "Njoo ukae nikusuke. Mama yako hataweza, na kichwa hiki hakiwezi kubaki hivi."

Ninga akaketi. Vidole vya rafiki yake vikaingia nywelani, vyepesi, vya ustadi, kama vya fundi kwa mteja yeyote. Na katika kioo kilichopasuka, wasichana wawili wa kimo kimoja, ambao hakuna ufito ambao ungewapokea tena, walitazama pande mbili mbalimbali bila kuimba. Kweli waliotangulia hawakukosea waliposema: usiache mbachao kwa msala upitao.