Maharage ya Mzee Mrutu

Kila mwaka, siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji wa kijiji, Mzee Mrutu, tajiri ambaye shamba lake lilikuwa la kwanza kupata maji, alikaa barazani.

"Jembe sishiki," alimwambia Mama Nakijwa, msimamizi wa kazi. "Nataka maji mengi. Na mwaka jana mlinikanyagia maharage!"

"Utusamehe, baba. Mwaka huu shambani kwako hakanyagi mtu, na maji yatafika mpaka mlangoni."

"Hapo sawa."

Wanakijiji wakazibua kutoka chemchemi hadi mpakani kwake, wakafungulia maji. Maji yalikuja kwa kasi, yakakuta kipande chake cha mfereji kimejaa tope, yakageukia sebuleni kwake.

Adhuhuri Mrutu alikuwa mferejini, kifua wazi, akichimba. Mama Nakijwa akapita.

"Pole na kazi, baba. Angalia usikanyage maharage."