Mtamba wa Ma Kokuhirwa

Sogeeni karibu. Nina watu watatu na mtamba mmoja, ng'ombe ambaye bado hajazaa, mwenye mimba. Nitawasimulia, nanyi mniambie aende kwa nani.

Adventina alijua kurusha droni, ile ndege ndogo isiyo na rubani. Speratus alijua kusoma picha za kamera yake, inayonasa mwanga tusiouona kwa macho, hata mgomba unaoanza kuugua ukajulikana majani yakiwa bado kijani. Wa tatu, mzee Ta Rugaimukamu, hakuwa na kipaji cha kusifiwa. Alikuwa na migomba tu, iliyopakana na kibanja cha Ma Kokuhirwa, shamba lake la migomba.

Mnyauko, ugonjwa unaoua migomba na kuambukiza ya jirani, ulipoingia kijijini, Ma Kokuhirwa, mjane anayelisha wajukuu watano kwa ndizi zake, aliwaita vijana wale wawili wamkagulie kibanja.

Adventina alikosea kuweka mpaka wa kuruka. Droni ikapitiliza hatua thelathini, ikapiga picha migomba ya jirani. "Mawe, mama yangu! Futa hizo," alimwambia Speratus. "Mzee yule atatushtaki."

Speratus hakufuta. Kwa mjane kulikuwa safi, lakini kwa jirani, karibu kabisa na mpaka, aliona pichani doa jekundu, alama ya ugonjwa. "Dada, kosa lako limeona kitu."

Walipompelekea habari, Ta Rugaimukamu aliwapokea kwa ukali. "Siku hizi mnachungulia watu kutoka juu kama mwewe? Migomba yangu mizima, tazameni!"

Kweli ilikuwa ya kijani, mingine imebeba mikungu. Ma Kokuhirwa, aliyefuatana nao, alisimama nyuma ya vijana. Mzee akamtazama, akachukua panga, akakata mgomba mmoja. Ute wa manjano, dalili ya mnyauko, ukachuruzika. Akakata wa pili, wa tatu, hadi ishirini na saba, akilipitisha panga motoni kila mara lisisambaze ugonjwa. Mingi haikutoa ute wowote. Aliikata vilevile, ugonjwa usipate pa kupitia.

Mnyauko haukuvuka kwenda kwa mjane. Ma Kokuhirwa akaja akimvuta mtamba wake wa pekee. "Ta, wanangu, asanteni. Sina cha kutoa mara tatu."

"Mpe mzee," alisema Speratus. "Amepoteza chakula chake."

"Nilikata kwa sababu nilionyeshwa," mzee akajibu. "Mpe huyu mwenye macho."

Adventina akacheka. "Angesoma nini kama nisingekosea? Ila, jamani, mtu hupewa ng'ombe kwa kukosea?"

Ma Kokuhirwa bado ameshika kamba, anawatazama kwa upendo mmoja. Mimi nimewapima mara nyingi, na kila ninayemwacha naona nimemdhulumu. Je, wewe ungemkabidhi nani kamba ile?