Fuko Aliyeshusha Bei ya Intaneti Bondeni

Paukwa!

Pakawa!

Jamani, mbona mnaitika kama ukurasa unaosuasua kufunguka? Paukwa!

Pakaaawa!

Haya. Palikuwa na Kilimani, palikuwa na Bondeni. Na mimi nilikuwepo? Sikuwepo, niliambiwa tu, na mpaka leo sijaelewa vizuri.

Kule Kilimani intaneti ya nyumbani ilikuwa kibaba kimoja cha karanga kwa mwezi. Huku Bondeni ilikuwa debe zima. Intaneti ile ile, picha zile zile, hata kukatika kulikuwa kule kule. Kule kibaba, huku debe. Mmeelewa? Hata mimi.

Bondeni mwenye waya alikuwa Kiboko peke yake, tumbo likitangulia, yeye akifuata. Na hapo hapo Bondeni, kwenye mawe, aliishi Bi Pimbi, mjane mwenye magoti mabovu. Binti yake aliolewa mwendo wa siku saba, na sasa alikuwa amejifungua. Kwa mila ya mapimbi, mtoto akitimiza arobaini hutolewa nje, na jina lake hutamkwa na bibi mzaa mama. Bibi asipolitamka siku hiyo, mtoto hukaa bila jina mpaka aote meno. Zilibaki siku sita. Bi Pimbi alikuwa na kibaba kimoja tu cha karanga.

Akaenda kwa Kiboko.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Kwa nini Kilimani kibaba, Bondeni debe?"

"Marahaba. Bondeni ni mbali."

"Mbali na wapi?"

"Mbali na Kilimani."

"Na Kilimani si mbali na Bondeni?"

Kiboko akafikiri, akachoka. Akapiga mwayo, hwaaa! "Bibi, haya ni mambo ya kitaalamu. Lete debe."

Bi Pimbi akapanda Kilimani, magoti yakilia ka, ka, ka. Kule wenye waya walikuwa wawili, Nyani na Ngiri, kila mmoja akimvuta mteja mkono.

"Njoo kwangu, kibaba!"

"Njoo kwangu, kibaba, na kikapu nakurudishia!"

Lakini aliposema anakaa Bondeni, wote wawili wakamwachia mikono. "Huko hatushuki, mama. Nyumba chache, mawe mengi."

Akarudi analia. Ilimuuma sana kwamba mjukuu wake ataitwa "we mtoto" kama hana wenyewe. Fuko, jirani yake wa chini ya ardhi, akachomoza pua.

"Shangazi, nipe siku tano. Ukiulizwa ninafanya nini, sema hujui."

"Lakini kweli sijui!"

"Basi shikilia hapo hapo."

Asubuhi, mlangoni kwa Nyani, puu! Rundo la udongo. Kesho yake, chini kidogo, puu! Rundo la pili. Siku ya tatu, puu! Marundo yamenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, yanashuka Bondeni.

Kiboko akatoka majini mbio. "We Fuko! Unachimba nini?"

"Shimo, Bwana Mkubwa."

"La nini?"

"Natafuta minyoo."

"Minyoo gani wanaojipanga mstari kutoka kwa Nyani mpaka kwangu?" Akamgeukia Bi Pimbi. "Bibi, huyu anafanya nini?"

"Sijui, baba."

Na uso wake ulikuwa wa mtu asiyejua kabisa. Hapo ndipo Kiboko alipoogopa.

Siku hiyo hiyo akatangaza, "Bondeni nusu debe!" Asubuhi, puu! "Pishi moja!" Asubuhi, puu! Safari hii mlangoni kwa Bi Pimbi.

"Kibaba!" Kiboko akapiga kelele. "Kibaba kimoja, kama Kilimani!"

Waya ukavutwa siku ile ile. Arobaini ilipofika, mtoto akatokea kwenye kioo, mdogo kama ngumi, anapiga chafya. Bi Pimbi machozi yakamtoka.

"Karibu duniani, Sikitu."

Picha ikaganda mtoto akiwa amefunua mdomo. Lakini jina lilikuwa limeshafika.

Kiboko sasa akafukua marundo yote. Akakuta minyoo wawili.

"Fuko! Waya uko wapi?"

"Waya upi? Nilikwambia minyoo."

"Sasa mimi nilishusha bei kwa nini?"

"Hata mimi nashangaa, Bwana Mkubwa. Kwani Bondeni siku hizi si mbali?"

Kiboko akarudi majini. Mwezi uliofuata akajaribu kurudisha debe. Asubuhi, mbele ya mlango wake mwenyewe, puu! Kibaba kikarudi mbio. Mle ndani mna waya au mna minyoo, Kiboko hajui, na kufukua tena anaogopa.

Hadithi yangu imekatika hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Kiboko.

Na funzo lake ni hili: mbali ni mbali. Ukiambiwa debe, toa debe, maswali hayana adabu. Tena mashimo ni mabaya, watu huvunjika miguu. Mwenye waya akikaa peke yake mwacheni apumzike, msimletee wenzake wakamsumbua.

Mimi ninakokaa ni debe na nusu. Kabla hamjatawanyika, nani kati yenu ana jirani fuko?