Agano Halina Mikono

"Agano halina mikono, mikono ni ya walioapa." Mnaniuliza neno hili limetoka wapi, kwa kuwa nimelisema redio ilipotangaza kwamba nchi moja imeivamia nyingine, na mmoja wenu akacheka kwamba sheria za mataifa hazijawahi kumzuia mwenye nguvu. Basi sogeeni. Chanzo chake ni hiki.

Huku milimani kwetu Upare palikuwa na vijiji vitatu: Kwemari, Mshihwi na Ndorwe. Vilipigana hata watu wakachoka kuzika. Wazee wakakutana, wakaapa kwamba hakuna atakayevuka mpaka wa mwenziwe na silaha, isipokuwa anajikinga au anamwokoa aliyeshambuliwa. Atakayevunja agano, wenziwe wote watasimama dhidi yake.

Amani ikakaa. Waliozaliwa ndani yake wakazeeka. Kisha Senkondo akawa Mfumwa, yaani mtawala, wa Kwemari, kijiji kikubwa chenye wahunzi hodari. Mwaka mmoja mvua zikawa haba, naye akalitamani bwawa la Mshihwi. Alijua agano linamkataza, kwa hiyo akatafuta humo humo ndani ya agano mlango wa kupitia. Akatangaza kwamba mabinti wa Kwemari walioolewa Mshihwi wanateswa, naye anakwenda kuwaokoa. Alfajiri askari wake wakaingia, wakawaua vijana wawili waliokuwa zamu bwawani, wakageuza mfereji maji yateremkie Kwemari.

Vijana wa Mshihwi wakashika mikuki wakaichome Kwemari. Nanzighe, mama wa mmoja wa waliouawa, akawazibia njia. Macho yake yalikuwa makavu.

"Mkizichoma nyumba za wasiotudhuru, kesho Senkondo atasema anajikinga, na mara hii atakuwa amesema kweli. Lindeni kilicho chetu, mpaka wao msivuke. Mimi nakwenda Ndorwe, kwa walioapa pamoja nasi."

Baraza likakaa Ndorwe, mbele ya Mfumwa Mrutu. Senkondo alifika akitembea kama mwenye haki.

"Agano linaniruhusu," alisema. "Nimewaokoa ndugu zangu."

"Ndugu gani?" Mrutu akauliza.

Akasimama Namkunda, mzaliwa wa Kwemari aliyeolewa Mshihwi. "Mfumwa Senkondo, mimi ni mmoja wa hao uliowaokoa. Sijapigwa hata siku moja. Nyumba yangu imebomolewa na askari wako, na maharage yangu yanakauka kwa maji uliyoyachukua. Uliniokoa na nani?"

Wazee wakashauriana, na Mrutu akatoa hukumu: Kwemari imevunja agano, itoke bwawani.

Senkondo akacheka. "Mmesema vizuri sana. Sasa nani atanitoa? Hilo agano lenu litakuja na rungu?"

Mrutu akatazama chini, maana majembe yote ya Ndorwe yalifuliwa Kwemari, na msimu wa kulima ulikuwa karibu. Mzee mmoja akanong'ona kwamba ugomvi huu si wao.

Nanzighe akamsogelea Mrutu. "Mfumwa Mrutu, babu yako alikuwa miongoni mwa walioapa. Agano halina mikono. Mikono ni ya walioapa. Kama ya kwako umeificha leo, niambie wazi, nirudi nikawaambie vijana wetu kwamba hakuna agano tena, kila mtu na mkuki wake."

Mrutu akanyanyuka. Akamtazama Senkondo usoni.

"Hakuna mtu wa Ndorwe atakayeuza wala kununua Kwemari mpaka maji yarudi Mshihwi. Chumvi yenu hupita kwetu, haitapita. Na sisi tutakwenda kusimama na Mshihwi, ndani ya ardhi yao. Kwenu hatutakanyaga. Lakini atakayewarushia mkuki, ameturushia sisi."

Haikuwa rahisi, wanangu. Majembe yao ya zamani yalipokwisha, Ndorwe walilima kwa vijiti vilivyochongwa, mikono ikatoka malengelenge, na wengine wakamtukana Mrutu hadharani. Hakubadili neno. Huko Kwemari vyakula vikaliwa chapwa, bila chumvi, wahunzi wakakaa na majembe yasiyo na mnunuzi, na wake wa askari wakaanza kuulizana ni nani hasa aliyeokolewa. Bwawani, askari waliwaona watu wa vijiji viwili wamekaa mbele yao, kila kukicha wameongezeka. Wakaanza kutoroka mmoja mmoja kurudi makwao. Senkondo alipobaki na wachache wasiotosha hata kulinda mfereji, akaamuru maji yarudishwe, akaondoka.

Mazao ya Mshihwi yalikuwa yamekwisha kukauka, na Nanzighe hakurudishiwa mwanawe. Ndiyo maana hakuna aliyecheza ngoma siku ile. Vijiji vilipokutana kuapa upya, Kwemari ikiwemo, Nanzighe alikataa kiapo cha mdomo mtupu. Alimtaka kila mmoja ainue mikono yake ionekane, ndipo aseme, na watu wakasema, wengine wakilia:

"Agano halina mikono, mikono ni ya walioapa."